Albamu ya Mmoja, Jasho la Wengi: Wenge Musica na Swali la Mwenye Bendi

Mwaka 1997 Wenge Musica ilikuwa miongoni mwa bendi zilizopendwa kuliko zote mjini Kinshasa, na sifa zake zilikuwa zimeshavuka mipaka kuja huku kwetu. Vijana wa Bandalungwa, mtaa wa Kinshasa, walioianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, wengi wao wakiwa bado wanafunzi, walikuwa wamekuwa nyota wa kizazi chao. Mwaka huohuo rais wa bendi, Jean-Bedel Mpiana, anayejulikana zaidi kama JB Mpiana, alitoa albamu ya Feux de l'amour. Jina lililotangulia lilikuwa lake, ingawa waliopiga vyombo na kuitikia walikuwa wanamuziki wa Wenge. Albamu ilipokelewa kwa shangwe kubwa. Mwaka haukuisha kabla bendi haijameguka: JB Mpiana alibaki na Wenge Musica BCBG, naye Noël Ngiama Makanda, yaani Werrason, akaondoka pamoja na Didier Masela na Adolphe Dominguez kwenda kuunda Wenge Musica Maison Mère.

Tangu wakati huo kisa hiki kimesimuliwa vijiweni na kwenye vipindi vya redio, kuanzia Dar es Salaam na Nairobi hadi Bujumbura na Lubumbashi, kama ugomvi wa watu wawili. Upande mmoja husema Werrason alimwonea wivu mwenzake. Upande mwingine husema mafanikio yalimlevya JB Mpiana. Maelezo ya aina hiyo yana utamu wake, lakini hayatufikishi mbali, kwa sababu wivu na majivuno vipo katika kila bendi, na bendi nyingi huishi navyo kwa miaka bila kuvunjika. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini albamu moja, tena yenye mafanikio, ilitosha kufungua ufa ambao miaka zaidi ya 15 ya kupiga pamoja ilikuwa imeuziba.

Hoja yangu ni kwamba mpasuko ule ulihusu umiliki. Kiongozi wa bendi ana haki ya kutamani kazi yenye jina lake, na hakuna anayepaswa kumnyima haki hiyo. Matatizo huanza pale anapoifanya kazi hiyo kwa kutumia mwili mzima wa bendi, yaani wapigaji, waimbaji, mtindo na wapenzi wake, halafu akaiita yake peke yake bila makubaliano yoyote kuhusu nani anamiliki nini. Kazi kama hiyo ina umbo la albamu binafsi kwa nje tu. Kwa ndani ni mabadiliko ya umiliki wa bendi, yanayofanyika wakati wenye bendi wamo studio wakiyafanikisha kwa mikono yao wenyewe.

Ili kulielewa hilo, ni lazima kwanza kutazama jinsi bendi ya Kikongo ya wakati ule ilivyogawana mamlaka. Wenge haikuwa na mtunzi mmoja. Ilikuwa na waimbaji kadhaa, na kila mmoja alikuwa na nyimbo zake: JB Mpiana, Werrason, Blaise Bula, Adolphe Dominguez, Alain Mpela na wengineo. Albamu ya bendi ilikuwa matokeo ya mgawo. Kila mtunzi alipewa nafasi ya wimbo wake, jina lake likaandikwa kando ya wimbo huo, na siku ya wimbo wake yeye ndiye aliyeongoza huku wenzake wakimwitikia. Mgawo huo ndio uliokuwa katiba ya bendi, hata kama haukuwahi kuandikwa popote. Leo namwitikia fulani kwa moyo wangu wote kwa sababu kesho ataniitikia mimi. Aliyekosa nafasi katika albamu hii alijua atakumbukwa katika ijayo, na kama hakukumbukwa, alijua ni nani wa kumlalamikia.

Rais wa bendi alisimamia mgawo huo, na hapo ndipo uwezo wake ulipolala. Lakini urais ulikuwa na mipaka. Didier Masela, mpiga besi, alikuwa mwasisi, na uasisi ni aina yake ya umiliki ambayo haifutwi na cheo. Werrason alikuwa na wafuasi wake waliojaza kumbi kwa ajili yake. Alain Makaba, mpiga gita, alikuwa mpangaji wa muziki ambaye bila masikio yake nyimbo nyingi za Wenge zisingesikika tunavyozijua. Kwa hiyo ndani ya bendi moja mlikuwa na madaraka ya namna nne: ya cheo, ya uasisi, ya mapenzi ya mashabiki, na ya ufundi. Hali ilikuwa tulivu maadamu hakuna daraka lililojaribu kuyameza mengine.

Ni vizuri pia kutazama kwa karibu wimbo wa aina hii unavyozaliwa, kwa sababu ni hapo ndipo maneno "wimbo wa fulani" yanapoanza kutia shaka. Mtunzi huja mazoezini na wimbo mdomoni: beti za mwanzo, sauti ya kuimbia, labda na kiitikio. Anauimba, na wapiga magita wanautafutia njia. Mpiga rithimu huweka mwendo, mpiga besi hutafuta pa kusimama, na wa solo hujaza nafasi baina ya sauti. Waimbaji wenzake hupanga sauti ya pili na ya tatu. Hadi hapo bado tunaweza kusema wimbo ni wa aliyeuleta. Kisha linafika sebene, sehemu ya wimbo ya kuchezea. Mpiga dramu anabadilisha mapigo, gita la solo linashika kipande kifupi na kukizungusha tena na tena, na atalaku, yaani mpiga kelele za kuchangamsha, anaingia na kelele zake. Kazi hiyo ya atalaku iliingizwa katika bendi za Kinshasa na vijana wa Zaiko Langa Langa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakitikisa makopo ya dawa ya kuulia wadudu yaliyogeuzwa kuwa kayamba. Tangu hapo imekuwa ndiyo injini ya wimbo. Maneno anayoyatupa ndiyo yanayokuwa jina la mtindo wa kucheza, na mtindo ndio unaouza wimbo kutoka Kinshasa hadi Abidjan na Mombasa.

Sasa tujiulize: anayeimba beti tatu za mwanzo zinazochukua dakika mbili, na wale wanaotengeneza dakika nne za sebene ambazo ndizo zinazoinua watu vitini, nani mwenye wimbo? Desturi ilijibu kwamba ni mleta beti. Jibu hilo lilivumilika kwa sababu mgawo ulikuwepo. Mpiga gita alikubali jina lisiwe lake kwa kuwa halikuwa la mtu mmoja daima. Lilizunguka, na juu ya majina yote lilisimama jina la bendi, ambalo naye alikuwa na sehemu yake. Likiondolewa jina hilo la juu na kuwekwa la mtu mmoja, desturi nzima inapoteza uhalali wake. Yule yule mpiga gita, akipiga sebene lile lile kwa vidole vile vile, sasa anakuwa kibarua katika kazi ya mwenzake.

Upo ushahidi mmoja ambao nadhani haujapewa uzito unaostahili. Kabla ya Feux de l'amour, Alain Makaba naye alikuwa ametoa albamu yake, Pile ou Face, katikati ya miaka ya 1990, na sauti za wenzake wa Wenge zimo ndani yake. Bendi haikuvunjika. Wanaoeleza mgawanyiko wa 1997 kwa wivu peke yake watueleze kwa nini wivu huo haukulipuka wakati wa Makaba. Mimi naona sababu iko wazi. Makaba alikuwa fundi, si sura ya bendi. Alipotoa kazi yenye jina lake, mgawo wa madaraka haukutikisika: rais alibaki rais, nyota walibaki nyota, na msikilizaji hakupata shaka kwamba Wenge ipo na Makaba ni mmoja wao. Rais anapofanya jambo hilohilo maana yake hubadilika, kwa kuwa yeye tayari ndiye anayepanga nani aimbe, nani asafiri na nani asimame mbele. Albamu yake inawaambia wasikilizaji kwamba bendi na yeye ni kitu kimoja. Wenzake waliisikia kauli hiyo hata kama yeye hakukusudia kuitoa.

Fedha nayo ilikuwa na mkono wake, na hapa hatupaswi kuona haya kulitaja jambo kwa jina lake. Uchumi wa muziki wa Kinshasa katika miaka ile haukutegemea mauzo ya kaseti peke yake, kwa kuwa kaseti bandia zilijaa masokoni, na nchi yenyewe ilikuwa katika msukosuko. Mei 1997 utawala wa Mobutu ulianguka na Zaire ikarudi kuitwa Kongo. Mapato ya uhakika zaidi yalitoka kwa waandalizi wa Ulaya, kwenye maonyesho ya Paris na Brussels, na kwa matajiri waliolipa ili majina yao yatajwe ndani ya nyimbo. Wapenzi wa dansi wa Tanzania wanaujua mtindo huo vizuri, kwani mapedeshee wa Dar es Salaam nao walitajwa na bendi zetu na kutuza kwa noti. Tajiri anayelipa hulipia ukaribu na nyota. Albamu ikiwa ya bendi, watajaji ni wengi na tuzo husambaa. Ikiwa ya mtu mmoja, mlango wa kuingilia fedha hizo unakuwa mmoja, na mwenye ufunguo ni yeye. Mwandalizi wa Ulaya naye hujifunza haraka kwamba hahitaji kujadiliana na bendi. Anajadiliana na mwenye jina, na mwenye jina ndiye anayeamua nani apande ndege.

Yaliyofuata yanathibitisha kwamba tatizo lilikuwa la mfumo. Maison Mère ilizaliwa ikiwa na viongozi watatu: Werrason, Masela na Dominguez. Albamu yao ya kwanza, Force d'intervention rapide ya 1998, ilikuwa ya bendi. Ikafuata Solola bien mwaka 1999, kazi ambayo gita la Flamme Kapaya na kelele za ma-atalaku wake zilitikisa kumbi za Afrika Mashariki kiasi kwamba hata asiyejua neno la Kilingala aliweza kuimba vipande vyake. Halafu mwaka 2001 ikaja Kibuisa mpimpa, nayo ilibeba jina la Werrason. Yule aliyeondoka Wenge wakati rais wake alipoanza kutangulia peke yake alifika palepale kwa njia ileile. Adolphe Dominguez alikwenda kuanzisha Wenge Tonya Tonya. Mwaka 2004 kundi la vijana waliokuwa nguzo za Maison Mère, wakiwemo Ferre Gola, JDT Mulopwe na Bill Clinton Kalonji, liliondoka na kuunda Les Marquis. Haiwezekani kwamba watu hawa wote, katika miaka hiyo yote, walikuwa na kasoro ileile ya tabia. Walikuwa ndani ya mfumo usio na namna nyingine ya kukua isipokuwa kuondoka.

Historia ya nyuma nayo inasema hivyohivyo. Joseph Kabasele, baba wa African Jazz, aliachwa mwaka 1963 na karibu bendi nzima, Tabu Ley na Dokta Nico wakiwa mbele, wakaunda African Fiesta. Haikupita miaka mingi hao wawili nao wakatengana, kila mmoja na Fiesta yake. Verckys Kiamuangana, mpuliza saksafoni wa OK Jazz, alirekodi nyimbo na baadhi ya wenzake wakati Franco, kiongozi wa bendi hiyo, akiwa safarini Ulaya. Franco aliporudi mambo yakawa magumu, na mwaka 1969 Verckys alikuwa na bendi yake, Vévé. Franco mwenyewe alilitatua suala hili kwa namna yake: alimiliki jina, vyombo na kampuni za kutoa santuri, na kila aliyeingia alijua anaajiriwa. Utaratibu huo ulikuwa mkali, na wengi waliulalamikia, lakini ulikuwa na sifa moja, kwamba haukumdanganya mtu. Simaro Lutumba aliweza kutunga ndani ya OK Jazz kwa miongo kadhaa na kuheshimiwa kama mtunzi bila kudhani kwamba bendi ni yake. Deni la utaratibu huo lilikuja kulipwa baada ya Franco kufariki Oktoba 1989, pale wanamuziki walipotofautiana na familia yake. Simaro na wenzake wakalazimika kuliacha jina na kuanza upya kama Bana OK. Waliolijenga jina hilo kwa miaka zaidi ya 30 walitoka bila hilo jina.

Kwetu Tanzania njia ilikuwa nyingine. Bendi nyingi kubwa za miaka ya 1960 hadi 1980 zilikuwa mali ya vyama, mashirika na vikosi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika jina bendi nayo ilibadilika: JUWATA, kisha OTTU, hadi wapenzi walipoamua kuiita Msondo Ngoma. Vyombo vilikuwa vya shirika, mishahara ilitoka kwa shirika, na kiongozi wa bendi alikuwa mfanyakazi kama mpiga tumba. Katika mazingira hayo kiongozi hakuwa na njia ya kutoa kazi yenye jina lake peke yake, kwa hiyo mivutano ilijitokeza kwa sura ya kuhama. Akina Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka walikwenda Mlimani Park na baadaye wakachukuliwa na Safari Sound, na kila walipohama walikwenda na sauti zao na kuacha nyimbo zao. Wapo wanaousifu utaratibu ule kwa kuwa uliwalinda wanamuziki dhidi ya udikteta wa nyota mmoja. Nakubaliana nao kwa kiasi, lakini tusisahau kwamba wazee wengi walistaafu bila chochote mkononi kutokana na nyimbo ambazo redio inazipiga hadi leo.

Mbaraka Mwinshehe ni habari tofauti, na ndiye anayetufundisha zaidi akilinganishwa na Wenge. Katika Morogoro Jazz alikuwa mpiga solo, mwimbaji, mtunzi na kiongozi kwa pamoja. Mwaka 1973 aliondoka na kuunda Super Volcano. Morogoro Jazz, bendi iliyokuwepo tangu miaka ya 1940, haikurudi tena kwenye hadhi ile. Naye Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa Januari 1979, Super Volcano haikuwa na pa kushika. Pale ambapo utunzi wote umekaa kwa mtu mmoja, kuondoka kwake huacha nyumba tupu. Wenge ilikuwa kinyume chake. Utunzi ulikuwa umesambaa, ndiyo maana mgawanyiko wake ulizaa bendi mbili zenye nguvu, na ushindani wao ukatupa baadhi ya kazi bora za muongo ule. Huwa nasikitika ninapowasikia watu wakisema mgawanyiko wa 1997 ulikuwa neema kwa muziki. Ulikuwa neema kwetu sisi wasikilizaji. Kwa wanamuziki wa daraja la pili na la tatu, ambao majina yao hayakuwahi kusimama mbele ya bendi yoyote, ulikuwa mwanzo wa kuhamahama kusikoisha, huku mashabiki wa pande mbili wakigeuza muziki kuwa uhasama wa mitaani.

Angalia pia jinsi jina la Wenge lilivyong'ang'aniwa. BCBG, Maison Mère, Tonya Tonya, El Paris ya Marie-Paul: kila aliyetoka alitoka na Wenge yake. Jambo hilohilo lilitokea Nairobi kwa vijana waliotoka Tanga. Simba Wanyika ya ndugu Wilson na George Kinyonga ilipomeguka mwaka 1978, akina Omar Shaban walijiita Les Wanyika, na baadaye Issa Juma akawa na Super Wanyika. Watu hulishikilia jina kwa sababu ndiyo mali pekee ya pamoja wanayoweza kuibeba bila kibali cha mtu. Nyimbo zimeandikwa kwa majina ya wengine, vyombo ni vya mfadhili, mikataba iko kwa mwandalizi. Jina ndilo linalobaki la kumthibitishia mwenye ukumbi kwamba nami nilikuwepo. Wenge wa zamani walipokutana tena jukwaani Kinshasa tarehe 30 Juni 2022, miaka karibu 25 baada ya kutengana, kilichowaleta watu uwanjani ni jina hilo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kulijaza peke yake.

Haki inadai nimtetee kiongozi pia. Anayeongoza bendi hubeba mizigo ambayo wenzake hawaioni. Yeye ndiye anayedaiwa na mwenye ukumbi, yeye ndiye anayelaumiwa mpiga dramu akichelewa, na mara nyingi ndiye anayeacha wimbo wake mzuri nje ya albamu ili wa mwenzake uingie. Mgawo unaolinda amani unaweza pia kuua ubunifu, kwa kuwa albamu ya watunzi wanane mara nyingi haina dira, na hakuna anayethubutu kusema kwamba wimbo wa mwasisi ni dhaifu. Msanii aliyekomaa hufikia mahali anapotaka kazi nzima iseme jambo moja kwa sauti moja, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Ukisikiliza Feux de l'amour unasikia umoja wa aina hiyo. Ni albamu ya mtu aliyejua anachotaka, na sidhani kwamba ingeweza kutoka kwenye mgawo. Anayemtaka kiongozi azime hamu hiyo kwa ajili ya amani anataka bendi iliyo hai kwa jina tu.

Kwa hiyo linalobaki kujadiliwa ni namna ya kutoka. Fally Ipupa alitoa Droit chemin mwaka 2006 akiwa bado anahesabiwa kuwa mwanamuziki wa Quartier Latin, bendi ya Koffi Olomide, lakini akiwa na mtayarishaji wake, David Monsoh, na akiwa na dira yake ya sauti. Mwishowe alitengana na bosi wake, na maneno hayakukosekana, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba kazi ile ilikuwa ya bendi iliyobandikwa jina lingine. Sauti Sol wa Kenya walikwenda mbali zaidi. Wote wanne, Bien, Chimano, Savara na Polycarp, walikubaliana kila mmoja afanye kazi zake huku kampuni yao ya Sol Generation, waliyoianzisha mwaka 2019, ikibaki ya pamoja. Mei 2023 walipotangaza kusimamisha kazi za kundi, mashabiki walilia, lakini hawakulazimika kuchagua upande. Tofauti na Wenge ni kwamba hapa kila mmoja alipewa mlango wake kwa wakati uleule, na mali ya pamoja ilikuwa na nyumba yake kisheria.

Bendi nyingi zetu bado hazina nyumba hiyo. Sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inatambua kazi iliyotungwa na zaidi ya mtu mmoja na pia inatambua haki za waigizaji na wapigaji, si za mtunzi wa maneno pekee. Tatizo ni kwamba wimbo hupelekwa kusajiliwa ukiwa na jina moja, kwa sababu aliyekwenda kusajili alikuwa mmoja. Siku hizi nyimbo zinapopandishwa kwenye mitandao ya kusikilizia muziki, yule mwenye akaunti ndiye anayejaza majina, na mpiga solo aliyebuni kipande kinachoimbwa na nchi nzima anajikuta hayumo. Kosa la kaseti za Kinshasa linarudiwa kwenye simu, tena kwa kasi zaidi, maana malipo ya mtandao hufuata jina lililoandikwa na hayamjui mtu mwingine.

Ningependa kuona bendi zinaandika mambo haya kabla ya kurekodi wimbo wa kwanza, wakati hakuna bado cha kugombea: jina ni la nani endapo kiongozi ataondoka, sebene linahesabiwa sehemu gani ya utunzi, na kiongozi akitaka albamu yake atawalipa wenzake kama wapigaji wa kukodi au atawapa hisa. La muhimu zaidi ni lile linalosahaulika kila mara, nalo linahusu jukwaa. Kiongozi akishatoa kazi yake na ikapendwa, mashabiki wataidai ukumbini usiku wa bendi, na bendi italazimika kuipiga. Taratibu usiku wa bendi hugeuka kuwa usiku wa kutangaza albamu ya mtu mmoja, kwa mshahara uleule na chini ya bango lenye jina la wote. Katika hali hiyo naona wanamuziki wana haki kamili ya kukataa kuzipiga nyimbo hizo hadi wakubaliane malipo yake, na kiongozi anayekutazama kukataa huko kama uasi atakuwa ameshaanza kuihesabu bendi kuwa mali yake.